Mwenza wa Rais kwa Mtazamo wa Mwambao wa Ziwa Tanganyika: Jina, Kazi na Mipaka ya Nafasi Isiyoandikwa

Ikisiri

Makala hii inaeleza maisha na nafasi ya mwenza wa rais nchini Tanzania kama inavyoonekana kutoka Kigoma, Ujiji na wilaya za Buha. Katiba haimpi mwenza wa rais kazi yoyote, lakini umma umemzoea kama mtu mwenye kazi. Makala inadai kwamba kazi hiyo ilitokana na anwani ya Mama kuliko ilivyotokana na ndoa, na kwamba anwani hiyo ilipohamia kwa rais mwenyewe mwaka 2021, sehemu kubwa ya kazi ilihama nayo. Mjadala unapitia lugha ya heshima, utawala wa jadi wa Buha, Azimio la Arusha, mifuko ya wake wa marais na yaliyowapata wenza wa marais ng'ambo ya ziwa.

Utangulizi

Machi 2021 ulikuwa mwezi wa mabadiliko mawili katika uongozi wa juu wa Tanzania. Tarehe 19 Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais, siku mbili baada ya kufariki John Pombe Magufuli. Tarehe 31 Philip Isdor Mpango, mzaliwa wa Buhigwe na mbunge wa jimbo hilo, aliapishwa kuwa Makamu wa Rais. Mabadiliko ya kwanza yaliandikwa sana, kwa kuwa nchi ilikuwa haijawahi kuongozwa na mwanamke. Ya pili yalipokewa kwa uzito wa pekee mkoani Kigoma, mkoa ambao katika habari za kitaifa hutajwa zaidi kwa wakimbizi, kwa ubovu wa barabara zake za zamani na kwa umbali: reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam.

Mabadiliko hayo yaliwaleta mbele ya umma wenza wawili. Mke wa Makamu wa Rais, Mbonimpaye Mpango, alipata anwani yake bila mjadala: Mama Mbonimpaye Mpango, mgeni rasmi, mtu wa kukabidhi misaada na kuzungumza na wanawake. Mume wa Rais, Hafidh Ameir, ofisa kilimo mstaafu aliyemwoa Samia mwaka 1978, hakupata anwani wala ratiba. Alikuwa mume wa kiongozi wa kitaifa tangu 2015, mkewe alipokuwa Makamu wa Rais, na bado wananchi wengi hawakuwa wakiijua sura yake. Tofauti hii haiwezi kuelezwa kwa tabia za watu binafsi pekee. Ina historia, na sehemu ya historia hiyo husomeka vizuri zaidi mtu anapoitazama kutoka mwisho wa reli, mahali ambapo Ikulu hufika kwa njia ya ziara.

Neno Mama na kanuni inayovunjwa

Mjini Ujiji, kama katika miji mingine iliyokua kwa lugha na desturi za Waswahili, mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mwanawe, aghalabu wa kwanza. Mama Asha ni yule aliyemzaa Asha. Mwanamke mtu mzima anayetajwa kwa jina lake mwenyewe hutangulizwa Bi au Bibi, na ndiyo maana kizazi cha kudai uhuru kilimjua Bibi Titi Mohamed kwa anwani hiyo. Kwa kanuni hii, Mama Maria angekuwa mama aliyemzaa Maria. Lakini Mama Maria Nyerere ni Maria mwenyewe. Vivyo hivyo Mama Sitti Mwinyi, Mama Anna Mkapa, Mama Salma Kikwete na Mama Janeth Magufuli. Matumizi haya hayakuanza Ikulu, kwani ofisini na shuleni pia mwanamke mwenye cheo huitwa Mama na jina lake. Hata hivyo, kwa mke wa rais yamebeba maana ya ziada. Mtoto anayedokezwa na neno Mama si tena yule aliyemzaa. Ni umma.

Kutokana na badiliko hilo la maana, jamii ilipata haki ya kudai. Mama huombwa. Mama huambiwa yale ambayo Baba hataambiwa moja kwa moja, naye hutarajiwa kuyafikisha. Hapa ndipo ilipozaliwa kazi ya mwenza wa rais nchini Tanzania, kabla ya ofisi, kabla ya mfuko na kabla ya gari la serikali.

Kwa mume wa rais njia hiyo imefungwa na lugha ile ile. Baba Hafidh, kwa sikio la Mswahili, ni baba yake Hafidh. Baba wa Taifa ni Julius Nyerere, na anwani hiyo haina nafasi ya mtu wa pili. Pamebaki mume wa Rais, ambayo ni taarifa tu ya ndoa, na mwenza wa Rais, ambalo ni neno la kiofisi. Neno mwenza lina mwangwi wake pia: mke mwenza ni mwanamke mnayeshirikiana mume. Katika mji wenye Waislamu wengi kama Ujiji mwangwi huo haupotei kirahisi. Pengine haupaswi kupotea, kwa sababu Rais wa pili wa Tanzania, Ali Hassan Mwinyi, alikuwa na wake wawili, Sitti na Khadija, na dhana ya kigeni ya mwanamke mmoja anayetajwa kuwa wa kwanza katika taifa ilimkaa kombo tangu mwanzo.

Buha: kiti cha mwami na mwanamke

Watawala wa Buha, katika Heru, Muhambwe, Buyungu, Bushingo na kwingineko, waliitwa mwami kama majirani zao wa Burundi. Katika utawala wa namna hiyo nyumba ya mtawala haikuwa jambo la faragha. Ndoa ya mwami ilikuwa mkataba baina ya koo, na wanawake wa nyumba yake walikuwa na watu wao na mali yao. Mfano unaofahamika zaidi katika eneo hili ni wa Burundi: Ririkumutima, mke wa Mwami Mwezi Gisabo, alishika sehemu kubwa ya madaraka baada ya mumewe kufariki mwaka 1908, akiwa mama na mlezi katika ukoo wa kifalme. Nguvu zake zilitokana na nafasi iliyotambuliwa na mila. Hakuhitaji kuitwa mfadhili ili asikilizwe.

Kwa upande wa Tanganyika, Heru iliwahi kwenda mbali zaidi. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni, kiti cha mwami kilikaliwa na mwanamke, Theresa Ntare, ambaye makao yake yalikuwa Kasulu na ambaye baadaye aliingia katika siasa za kitaifa wakati nchi ikielekea na kuupata uhuru. Yeye hakuwa na kiti kwa kuolewa. Wazee wa Kasulu walikwisha kuishi chini ya mtawala mwanamke miongo kadhaa kabla ya Machi 2021, na suala la mume wa mtawala afanye nini halikuwa fumbo kwao: mtawala alijulikana kuwa ni nani. Serikali huru ilipofuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, kumbukumbu hiyo ilibaki nje ya vitabu vya siasa ya taifa, ambamo mwanamke wa karibu na madaraka aliendelea kusomwa kama mke.

Kazi ya Susan Geiger kuhusu wanawake wa TANU, iliyochapishwa mwaka 1997, ilionyesha jinsi usomaji wa namna hiyo unavyopunguza ukweli. Wanawake aliowahoji walikuwa wamejenga chama kwa vikundi vyao, ngoma zao na biashara zao ndogo. Funzo hilo linamhusu pia mke wa kiongozi. Naye huwa ana maisha ya kazi kabla ya kuwa mke wa mtu fulani, na mara nyingi ndiyo yaliyomwezesha mume kuingia katika siasa.

Azimio la Arusha na mali ya mke

Maria Waningu Gabriel alizaliwa mwaka 1930 katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Mara, akasomea ualimu, akafundisha, na mwaka 1953 akafunga ndoa na Julius Nyerere. Nyerere alipoacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955 ili aitumikie TANU, nyumba ilipoteza mshahara. Mama Maria aliendesha duka dogo Magomeni, akiuza pamoja na bidhaa nyingine mafuta ya taa. Ni dhahiri kwamba miaka ile ya kwanza ya harakati ilibebwa kwa kiasi fulani na duka hilo. Historia zinazoanzia kwenye majukwaa hulipita duka hilo upesi.

Baadaye, akiwa mke wa Rais, aliendesha ufugaji wa kuku. Ndipo lilipokuja Azimio la Arusha, Februari 1967. Masharti ya uongozi yalimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni ya kibepari, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya namna hiyo, kupokea mishahara miwili na kumiliki nyumba ya kupangisha. Jambo ambalo halisisitizwi vya kutosha ni namna Azimio lilivyoeleza kiongozi ni nani. Maelezo hayo yalimhesabu mtu pamoja na mkewe, au mwanamke pamoja na mumewe. Mwenza aliingizwa ndani ya uongozi kwa mlango wa makatazo. Hakupewa madaraka yoyote, lakini alitakiwa kubeba mipaka yote. Shamba la kuku la Mama Maria lilitolewa kwa kijiji cha ushirika.

Kwa mji kama Ujiji kanuni hii ilikuwa na uzito ambao huenda waandishi wake hawakuukusudia. Masharti hayakuishia kwa mawaziri. Yaliwagusa pia wabunge, madiwani na watumishi wa ngazi za kati. Nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili ni mtaji wa familia za mji, na kupangisha chumba kimoja au viwili ni kipato cha kawaida, hasa kwa wanawake waliorithi. Katika sheria ya Kiislamu mali ya mke ni yake. Haichanganyiki na ya mume kwa sababu ya ndoa. Azimio liliwatazama mume na mke kama mfuko mmoja, kwa sababu nzuri: bila hivyo kila kiongozi angeandikisha nyumba zake kwa jina la mkewe. Mwanamke wa Ujiji aliyeolewa na diwani na kurithi vyumba viwili kwa baba yake alijikuta kati ya kanuni mbili, moja ikimwambia kwamba mali ni yake peke yake, nyingine ikimwambia kwamba kwa kuwa mumewe ni kiongozi, naye ni kiongozi. Suala hilo halikupata suluhisho la kinadharia. Lilizimika pole pole, na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilipolegeza masharti ya uongozi, likakosa maana.

Ikumbukwe pia kwamba maelezo ya mwaka 1967 yalikwisha kumfikiria mume wa kiongozi mwanamke, miaka 54 kabla ya nchi kumpata rais mwanamke. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 nayo humtaka kiongozi kutamka mali zake pamoja na za mwenza wake. Katika maandiko haya mwenza wa kike na wa kiume wako sawa. Tofauti kati yao haikuletwa na sheria.

Kulikuwa na njia nyingine iliyowezekana kwa mke wa kiongozi, yaani kushika wadhifa wake mwenyewe. Sofia Kawawa, mke wa Rashidi Kawawa, aliongoza Umoja wa Wanawake wa Tanzania. Mwaka 1988, kauli yake kuhusu sheria za ndoa za Kiislamu na mitala ilizusha maandamano na ghasia Zanzibar. Iwe kauli hiyo ilikuwa ya busara au la, jambo moja linaonekana wazi: alijibiwa yeye kama mwenyekiti wa chombo chenye wanachama na vikao, na mtu aliyetaka kumpinga alijua pa kwenda.

Risala, mgeni rasmi na kitenzi kufikisha

Ili kuelewa kazi ya mwenza wa rais katika mkoa wa pembezoni, inafaa kuitazama hafla yenyewe. Mke wa rais anapofika wilayani, huwapo kikundi cha ngoma, huwapo wanawake waliovaa vitenge vya sare, na bidhaa za mkoa huwekwa mezani: kwa Kigoma, mawese, dagaa na migebuka iliyokaushwa. Kisha husomwa risala. Risala ni maandishi ya adabu yenye sehemu tatu zisizobadilika, yaani shukrani, mafanikio na changamoto. Katika sehemu ya tatu ndipo yanapotajwa maji, zahanati isiyo na chumba cha kujifungulia, bweni la wasichana lililoishia kwenye msingi, mtaji wa kikundi cha wakamuaji wa mawese.

Mgeni rasmi akiwa waziri, jibu lake linaweza kupimwa. Ana bajeti, ana katibu mkuu, na Bunge linaweza kumuuliza. Akiwa mke wa rais, kitenzi hubadilika. Waziri husema atatekeleza au ataagiza, mke wa rais husema atafikisha. Kufikisha ni kitendo cha kweli, na katika nchi yenye madaraka mengi mikononi mwa rais si kitendo kidogo. Mkuu wa wilaya aliyeketi pembeni analijua hilo, na wakati mwingine bweni humalizika kabla ujumbe haujafika popote, kwa hofu tu kwamba utafika. Ila kitendo hicho hakiachi kumbukumbu. Ujumbe usipofika hakuna wa kuulizwa, na ukifika hakuna wa kuthibitisha kwamba ulifika kwa sababu ya risala ile.

Mifuko ilianzishwa ili kuziba pengo hilo. Anna Mkapa alianzisha Mfuko wa Fursa Sawa kwa Wote mwaka 1997, ukiwalenga zaidi wanawake wajasiriamali, ambao bidhaa zao zilipata nafasi katika maonyesho ya Sabasaba. Salma Kikwete, mwalimu aliyefundisha kwa zaidi ya miaka ishirini, alianzisha WAMA, yaani Wanawake na Maendeleo, mwaka 2006. Taasisi hiyo ilishughulikia afya ya uzazi na elimu ya wasichana, na shule ya WAMA-Nakayama huko Nyamisati, Rufiji, ikawapokea wasichana yatima na wenye mazingira magumu. Katika bara zima hali ilikuwa inayofanana. Umoja wa wake wa marais wa Afrika wa kupambana na UKIMWI uliundwa mwaka 2002, wakati ambapo wafadhili wa kimataifa walitafuta milango inayofunguka haraka kuliko ya wizara.

Uhakiki mkali zaidi wa mtindo huu ulitoka Nigeria. Amina Mama, akiandika mwaka 1995 juu ya mpango wa Maryam Babangida ulioanzishwa mwaka 1987, aliuita utawala wa namna hii femokrasia: wanawake wachache wanaotumia jina la wanawake wote huku mamlaka yao yakitokana na kuolewa na wenye nguvu. Hukumu hiyo ni nzito mno kwa mifuko ya Tanzania, ambayo haikutumikia utawala wa kijeshi na ambayo iliacha shule zenye wanafunzi halisi. Hoja yake ya msingi, hata hivyo, inasimama. Mfuko hupata wafadhili kwa sababu mwenye mfuko anaishi Ikulu, na siku anayohama Ikulu wafadhili huanza kuhesabu upya.

Kwa Kigoma suala hili lina uhai na kifo ndani yake. Mkoa huu kwa muda mrefu ulikuwa miongoni mwa sehemu ambazo mjamzito mwenye uzazi pingamizi alilazimika kusafiri mbali, kwa boti au kwa barabara ya vumbi, ili kufikia chumba cha upasuaji. Mradi ulioanza mwaka 2006 kwa fedha za taasisi ya Bloomberg ulikabili tatizo hilo kwa njia isiyo na hafla nyingi: vituo vya afya vya vijijini vilipewa vyumba vya upasuaji, na madaktari wasaidizi na wauguzi wakafunzwa upasuaji wa uzazi na utoaji wa dawa za usingizi, ili huduma isitegemee daktari bingwa wa mjini. Mafanikio ya utaratibu huo yalitegemea mambo ambayo risala haiwezi kuyaleta: watumishi walioajiriwa, damu iliyohifadhiwa, umeme wa uhakika na takwimu zinazokusanywa kila mwezi. Huruma ya mgeni rasmi inaweza kulitaja tatizo la mama anayejifungua. Kumfanyia upasuaji saa nane usiku ni kazi ya mtu mwenye barua ya ajira.

Ng'ambo ya ziwa

Ziwa Tanganyika linapakana na nchi nne, na watu wa mwambao wamewaona wenza wa marais katika hali ambazo Dar es Salaam haikuzizoea. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993. Mkewe, Laurence Ndadaye, alinusurika kwa kupata hifadhi ubalozini. Rais aliyemfuata, Cyprien Ntaryamira, alikufa tarehe 6 Aprili 1994 katika ndege iliyotunguliwa Kigali ikitoka kwenye mkutano Dar es Salaam. Katika muda usiozidi miezi sita Burundi ilipata wajane wawili wa marais, na mkoa wa Kigoma ulipokea Warundi wengi waliokimbia mauaji yaliyofuata kifo cha yule wa kwanza. Kwa wakimbizi hao mke wa rais hakuwa mtu wa kukata utepe. Alikuwa mjane kama wao, tofauti ikiwa ni kwamba jina la marehemu wake lilijulikana.

Upande wa Kongo, mfano wa Sifa Mahanya ni wa aina nyingine kabisa. Mumewe, Laurent-Désiré Kabila, aliongoza waasi kutoka Hewa Bora, katika milima ya Fizi inayotazamana na mwambao wa Kigoma, na mapacha wao Joseph na Jaynet walizaliwa mwaka 1971 katika maisha hayo. Kwa miaka mingi familia iliishi Tanzania kwa kujificha, na sehemu ya kazi ya mke ilikuwa kutojulikana kuwa ni mke wa nani. Mwaka 1997 Kabila aliingia Ikulu ya Kinshasa, Januari 2001 akauawa, na mwanawe Joseph akashika nafasi yake. Mama Sifa akawa mama wa rais kwa maana ya awali ya neno, ile ya Ujiji: aliyemzaa.

Mifano hii haikusudiwi kulinganisha mataifa kwa mizani moja. Inakumbusha tu kwamba nafasi ya mwenza, kwa kuwa haijaandikwa, hufuata hatima ya mwenye kiti hadi mwisho, na kwamba mwisho huo waweza kuja bila taarifa. Tanzania yenyewe ililiona hilo mwaka 2021. Janeth Magufuli, mwalimu wa shule ya msingi ambaye hakujulikana kwa mfuko bali kwa kuwatembelea wazee na wasiojiweza, alitoka katika nafasi hiyo kwa msiba wa siku moja. Mama Maria Nyerere amekuwa mjane tangu Oktoba 1999, muda mrefu kuliko miaka yote ambayo mumewe alikuwa Rais, na heshima anayopewa haikupungua. Inaelekea kwamba kwa Watanzania ujane ndio umekuwa sehemu thabiti zaidi ya nafasi hii, kwa sababu haudaiwi utekelezaji.

Mama alipokuwa Rais

Baada ya Machi 2021 anwani ya Mama ilikwenda kwa Rais mwenyewe. Mama Samia ni jina la majukwaa, la nyimbo na la mabango. Wizara ya Katiba na Sheria iliendesha kampeni ya msaada wa kisheria iliyobeba jina hilo, na ajenda ya nishati safi ya kupikia, ambayo zamani ingekuwa hotuba nzuri ya mke wa rais mbele ya vikundi vya wanawake, ikawa mkakati wa taifa wa miaka kumi kuanzia 2024. Mambo yaliyoitwa ya akina mama yaliingia katika mafungu ya bajeti.

Inajaribu kuhitimisha kwamba kazi ya mwenza ilitoweka kwa kuwa mwenza ni mwanamume. Ushahidi unataka tahadhari. Janeth Magufuli alikwisha kupunguza shughuli za namna ile kabla ya 2021, kwa hiyo ukimya wa Hafidh Ameir haukukatiza mfululizo uliokuwa umesimama imara. Lakini katika miaka hiyo hiyo, Zanzibar, Mariam Mwinyi, mke wa Rais Hussein Ali Mwinyi, aliongoza taasisi ya Maisha Bora, miongoni mwa kazi zake ikiwa kuwasaidia wanawake wakulima wa mwani. Na kwa upande wa Muungano, mke wa Makamu wa Rais aliendelea kualikwa kama mgeni rasmi, ingawa mumewe hakuwa na cheo cha kwanza. Mialiko ilimfuata mwanamke. Haikufuata ngazi ya ofisi, wala haikumfuata mwenza kwa kuwa ni mwenza.

Ukimya wa mume wa Rais umesifiwa na wengine kama unyenyekevu, na wengine wameuona kuwa ni haki ya mtu binafsi kuishi na kazi yake. Tafsiri zote mbili zina mantiki, ila haki hiyo haikuwahi kutambuliwa kwa Mama Anna wala Mama Salma. Mwalimu wa miaka ishirini aliyebaki darasani, mumewe akiwa Ikulu, angeulizwa sababu. Salma Kikwete alipata jibu lake baadaye, kwa njia ya Bunge: aliteuliwa kuwa mbunge mwaka 2017, na mwaka 2020 akawa mbunge wa jimbo la Mchinga, Lindi. Kutoka hapo risala aliyosomewa ilikuwa na mwandishi wa kumbukumbu na tarehe ya uchaguzi.

Philip Mpango alihudumu hadi mwaka 2025. Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, ilikuwa kwa miaka minne na ushee nyumbani kwa mtu wa pili katika dola, na mkewe alikuwa mgeni ambaye vikundi vya wanawake vilijua namna ya kumwalika na namna ya kumwita. Orodha ya changamoto za risala, pamoja na maji, zahanati na bweni, sasa husomwa katika kikao cha halmashauri, mbele ya mkurugenzi mtendaji, ambaye jina la mwenza wake halimo katika itifaki ya siku hiyo.